Mafahali Wawili katika Zizi Moja: Historia ya Diski ya Pamoja katika Makundi ya Seva

1. Utangulizi

Methali mbili za Kiswahili zaonekana kupingana. Ya kwanza yasema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili yasema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Ya kwanza yasifu ushirikiano, ya pili yaonya juu ya wakubwa wawili wanaogombea mahali pamoja. Historia ya makundi ya seva, tangu miaka ya 1960 hadi leo, ni historia ya wahandisi waliotaka kuzitii methali zote mbili kwa wakati mmoja.

Seva ni kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine: hutunza faili, hujibu maswali ya hifadhidata, hupokea barua na kuzipeleka. Kundi la seva ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa hata mtumiaji azione kama kompyuta moja. Kifaransa huliita grappe, yaani kichala, kama kichala cha zabibu. Shabaha ya kundi ni mbili: nguvu ya kazi iongezeke, na huduma isikatike mwanachama mmoja anapokufa. Lakini kompyuta inayorithi kazi ya mwenzake aliyekufa haiwezi kuiendeleza kazi hiyo bila kuzifikia data zake. Hapo ndipo inapotokea haja ya hifadhi ya pamoja: diski moja, au mkusanyo wa diski, ambayo wanachama wote wanaweza kuisoma na kuiandika.

Fundi anayeipanga hifadhi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ugumu wake umo katika kebo na vidhibiti. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Njia ya kuunganisha kompyuta mbili na diski moja ilipatikana mapema. Kilichochukua miaka mingi ni kuamua nani ana haki ya kuandika, kwa muda gani, na nani atoe hukumu pindi mwenye haki anapokuwa kimya. Suala hilo lilikuwa la sheria kabla ya kuwa la umeme, na hata leo makosa mabaya zaidi katika kazi hiyo ni makosa ya sheria.

2. Makarani wawili na daftari moja

Mfano wa ofisi watosha kulieleza tatizo lenyewe. Makarani wawili wa chuo wanaandikisha wanafunzi katika daftari moja, na kila mmoja hushika kichwani nambari ya mwisho aliyoiona. Wa kwanza asoma 412. Wa pili naye asoma 412. Kila mmoja aandika mwanafunzi wake kwa nambari 413. Hakuna aliyekosea kwa upande wake, lakini daftari limekwisha haribika, na huenda jambo hilo lisijulikane mpaka siku ya mtihani, wanafunzi wawili watakapodai alama zile zile.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo, tena kwa kasi isiyolinganishwa. Mfumo endeshi huweka katika kumbukumbu yake nakala ya jedwali la nafasi tupu za diski, ili usilazimike kulisoma upya kila mara. Kompyuta mbili zikiunganishwa na diski moja bila sheria yoyote, kila moja huwa na nakala yake. Zote mbili zaona kwamba nafasi fulani ni tupu. Zote mbili zaandika humo. Faili ya kwanza yafutwa na ya pili, na hakuna kengele inayolia. Uharibifu huo ni mbaya kuliko kufa kwa diski. Diski iliyokufa hujulikana siku hiyo hiyo, ilhali daftari lenye uongo huendelea kuaminiwa, na nakala za akiba huendelea kuunakili uongo huo kila usiku.

Kampuni ya IBM ilikutana na tatizo hilo mapema. Katika kompyuta za System/360, zilizotangazwa mwezi wa Aprili 1964, kidhibiti cha diski kiliweza kutiwa swichi ya njia mbili, hata kompyuta mbili zikazitumia diski zile zile. Sheria yake ilikuwa fupi: kompyuta inayotaka kubadili kitu huishika diski nzima, hutenda kazi yake, kisha huiachilia. Usalama ulipatikana, lakini kwa gharama mbili. Gharama ya kwanza ni kwamba aliyetaka kubadili mstari mmoja wa faili moja aliwazuia wenzake kufikia faili zote nyingine za diski ile. Ya pili ni mkwamo: kompyuta ya kwanza imeishika diski ya kushoto na yaingoja ya kulia, ya pili imeishika ya kulia na yaingoja ya kushoto. Zote mbili zina subira, na hakuna itakayopata.

Mazoea hayo ya mwanzo yalifundisha kwamba kufuli moja kubwa mlangoni halitoshi. Ilihitajika namna ya kufunga chumba kimoja bila kuifunga nyumba nzima.

3. Digital na kundi la mwaka 1983

Hatua kubwa iliyofuata ilipigwa na Digital Equipment Corporation, kampuni iliyokuwa na makao yake mjini Maynard, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Mwaka 1977 kampuni hiyo ilikuwa imetangaza kompyuta yake VAX-11/780, pamoja na mfumo endeshi VMS. Mwaka 1983 ikatangaza VAXcluster, yaani utaratibu wa kuzifanya kompyuta kadhaa za VAX kuwa kundi moja lenye diski za pamoja. Nancy Kronenberg, Henry Levy na William Strecker waliueleza utaratibu huo kwa wanazuoni katika makala yaliyochapishwa mwaka 1986, ambayo yamebaki kuwa miongoni mwa maandiko ya msingi ya somo hili.

Kwa upande wa vyombo, kundi hilo lilikuwa na umbo la nyota. Katikati palikuwa na kiunganishi kisichohitaji umeme, na kutoka hapo kebo zilikwenda kwa kila kituo. Vituo viliweza kufika 16, vikiwamo kompyuta zenyewe na vidhibiti vya diski vilivyoitwa HSC50. Mwendo wa njia hiyo ulikuwa biti milioni 70 kwa sekunde, na kila kebo ilikuwa na mwenzake, ili kukatika kwa mmoja kusikate mazungumzo. Diski haikuwa tena mali ya kompyuta moja. Ilikuwa imefungwa katika kidhibiti ambacho kompyuta zote zilikifikia kwa usawa.

Lakini jipya kubwa halikuwa nyota hiyo, bali msimamizi wa makufuli. Programu hii ilikaa katika kila kompyuta ya kundi, na kazi yake ilikuwa kutunza orodha ya nani amefunga nini. Kufuli halikuwekwa juu ya diski, bali juu ya jina. Jina liliweza kuwa la diski nzima, la faili moja, au la mstari mmoja ndani ya faili. Na majina yaliweza kupangwa kama matawi ya mti, hata anayeshika tawi asimzuie anayeshika tawi jingine.

Tena makufuli yenyewe yalikuwa ya daraja sita. La chini kabisa halikumzuia mtu yeyote: lilionyesha tu kwamba mwenye kuliomba ana haja na kitu kile. La juu kabisa lilimpa mwenye nalo haki ya peke yake. Katikati kulikuwa na daraja za kusoma na za kuandika, nyingine zikiwaruhusu wenzake kuandika pia, nyingine zikiwaruhusu kusoma tu. Hivyo wasomaji kumi waliweza kuisoma faili moja pamoja bila kungojana, na mwandishi alipokuja, msimamizi alijua ni nani wa kumpisha.

Mambo mawili katika utaratibu huo yastahili kuzingatiwa. Kwanza, orodha ya makufuli haikutunzwa na kompyuta moja kubwa, bali iligawanywa kati ya wanachama; mmoja alipokufa, waliobaki waliijenga upya na kuyafungua makufuli ya marehemu. Pili, makufuli hayo yalikuwa mapatano. Programu iliyoandika bila kuomba kufuli haikuzuiwa na msimamizi. Sheria ilifanya kazi kwa sababu wote walikubali kuiuliza, kama ilivyo kwa sheria nyingi za wanadamu.

4. Akidi: sheria dhidi ya kweli mbili

Palibaki swali gumu kuliko yote. Msimamizi wa makufuli hufanya kazi maadamu wanachama wanazungumza. Je, wakiacha kuzungumza?

Wanachama wa kundi hupelekeana ishara fupi kila baada ya muda mdogo, ambazo mafundi huziita mapigo ya moyo. Mapigo ya mwenzako yakikoma, huenda amekufa. Lakini huenda pia yu hai na kebo ndiyo iliyokatika. Kwa anayesikiliza, kimya cha maiti na kimya cha aliyetengwa havitofautiani. Mwaka 1985, Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kwa hesabu jambo ambalo mafundi walilihisi: ikiwa ujumbe waweza kuchelewa bila kikomo, na ikiwa hata mshiriki mmoja aweza kufa, hakuna utaratibu wa kanuni thabiti unaoweza kuhakikisha kwamba makubaliano yatafikiwa kila mara.

Hatari yake ni hii. Kebo inapokatika, kila nusu ya kundi yaweza kuamini kwamba nusu nyingine imekufa, na kila moja ikairithi diski. Hapo makarani wawili wa mfano wa kwanza wamerudi, na safari hii kila mmoja ana hakika kwamba yu peke yake. Mafundi huuita ugonjwa huo ubongo uliogawanyika, kwa msemo ulioazimwa kutoka utabibu, ambamo ulitumiwa kwa wagonjwa waliokatwa mishipa inayounganisha pande mbili za ubongo. Uchunguzi wa wagonjwa hao ndio uliompatia Roger Sperry sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Dawa ilitoka katika kanuni ya mabaraza. Mwaka 1979 David Gifford alikuwa ameonyesha kwamba nakala nyingi za data moja zaweza kulindwa kwa kura zenye uzito: asomaye na aandikaye hawana budi kukusanya kura za kutosha, hata pasiwe na namna ya waandishi wawili kufaulu pasipo kukutana mahali. VAXcluster ilitumia fikra iliyo jirani na hiyo. Kila mwanachama alipewa kura, na msimamizi wa mfumo aliandika idadi ya kura zinazotarajiwa. Akidi ilipatikana kwa kuongeza mbili juu ya idadi hiyo, kugawanya kwa mbili, na kuacha sehemu inayobaki. Kwa kura tatu, akidi ni mbili; kwa kura nne, ni tatu; kwa kura tano, ni tatu. Kwa kuwa akidi hupita nusu daima, haiwezekani sehemu mbili zilizotengana ziwe nayo zote mbili.

Na sehemu isiyo na akidi yafanya nini? Yasimama. Kompyuta hizo ni nzima, umeme upo, diski ipo, watumiaji wamo kazini. Lakini kazi yote yangoja mpaka kura zitimie. Msimamo huo uliwashangaza wengi, na huwashangaza hata leo. Fundi asiyeuelewa huona kwamba kundi limeharibika, ilhali kundi lafanya hasa lile lililowekewa: lakubali kunyamaza kuliko kuandika kweli mbili katika daftari moja.

Kundi la wanachama wawili lilikuwa na shida yake. Kwa kura mbili akidi ni mbili, hata kifo cha mmoja kikamsimamisha na mwenzake. Na kundi la namna hiyo halina faida. Suluhisho lilikuwa kuipa diski yenyewe kura ya tatu. Anayeifikia diski hiyo anakuwa na kura mbili kati ya tatu, naye aendelea. Hivyo chombo kilichokuwa kikigombewa kikafanywa shahidi wa ugomvi.

Ikumbukwe kwamba sheria hiyo ilitegemea nambari iliyoandikwa na mtu. Fundi aliyeandika idadi ya kura iliyo pungufu, ili kundi liamke haraka bila kuwangoja wanachama wote, alifungua mlango wa makundi mawili kuamka kila moja kwa upande wake. Vitabu vya mwongozo vya Digital vilionya juu ya kosa hilo, na onyo hilo halijachakaa.

5. Shule mbili

Si wote waliokubali kwamba diski ishirikiwe. Kampuni ya Tandem, iliyoanzishwa na James Treybig na wenzake huko California mwaka 1974, ilianza kuuza mwaka 1976 kompyuta zilizokusudiwa zisizime kamwe, hasa kwa mabenki. Humo kila diski ilifungwa katika njia mbili, lakini kwa wakati wowote ilikuwa na bwana mmoja tu. Bwana akifa, msaidizi aliyekuwa tayari aliirithi. Mwaka 1986 Michael Stonebraker alizipa shule hizo majina yaliyoenea: wanaoshiriki kumbukumbu, wanaoshiriki diski, na wasioshiriki chochote. Yeye mwenyewe aliitetea shule ya tatu, akisema kwamba kila kinachoshirikiwa huwa mlango mwembamba ambao wote hugombea kupita.

Ushindani huo haukumalizika kwa ushindi wa upande mmoja. IBM ilitangaza mwaka 1994 utaratibu wake Parallel Sysplex, ambamo kompyuta kubwa zilishiriki diski kwa msaada wa chombo maalumu cha kutunza makufuli. Oracle nayo ilijenga hifadhidata ya diski ya pamoja juu ya makundi ya VAX, kisha ikaieneza kwa mashine nyingine, na mwaka 2001 ikaitoa kwa sura mpya.

Shule ya bwana mmoja iliingia katika ofisi za kawaida kwa njia ya Microsoft. Dave Cutler, aliyekuwa miongoni mwa waliounda VMS, aliihama Digital mwaka 1988 akaenda Microsoft kuongoza ujenzi wa Windows NT. Mwaka 1997 ulitolewa mfumo wa makundi wa Windows NT, ambao wakati wa kutengenezwa ulikuwa na jina la siri Wolfpack, yaani kundi la mbwa mwitu. Kundi hilo halikuwa kubwa: lilikuwa na wanachama wawili. Diski zilifungwa katika kebo ya SCSI iliyowaunganisha wote wawili, lakini kila diski ilikuwa na bwana mmoja kwa wakati mmoja. Diski moja ilitengwa kuwa ya akidi. Mwenye kuishika alilazimika kuihakikisha haki yake tena na tena kila baada ya sekunde chache. Mpinzani aliyemdhani kuwa amekufa alimnyang'anya, akangoja, kisha akatazama kama mwenyewe atarudi kudai. Asiporudi, diski ilibadili bwana.

Kwa mafundi wa miaka hiyo, kazi ilianza kwa mambo madogo. Katika kebo ya SCSI kila chombo hakina budi kuwa na nambari yake, na vidhibiti vya kompyuta hutoka kiwandani vyote vikiwa na nambari 7. Kwa hiyo kompyuta moja ilibakizwa katika 7, na ya pili ikahamishwa, aghalabu kwenda 6. Ncha mbili za kebo zilihitaji kufungwa kwa vizibo vya umeme. Na kizibo kilichowekwa ndani ya kompyuta kiliweza kupoteza nguvu wakati kompyuta hiyo ilipozimwa, kikaivuruga kebo nzima saa ile ile msaada wake ulipohitajika. Aliyesahau hayo alikuwa na kundi lililofanya kazi vema mpaka siku ya ajali, yaani siku pekee ambayo kundi lilinunuliwa kwa ajili yake.

6. Kutoka kebo fupi hadi mtandao wa diski

Kebo ya SCSI ilikuwa fupi, na ilibeba vyombo vichache. Kiwango cha Fibre Channel, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1994, kilizitoa diski katika kasha la seva na kuziweka katika mtandao wao wenyewe. Mwaka 2004 kiwango cha iSCSI kikawezesha amri zile zile za SCSI kusafiri katika mtandao wa kawaida, hata vyuo na ofisi zisizokuwa na fedha za Fibre Channel zikaweza kuwa na hifadhi ya pamoja.

Uhuru huo ulileta hatari mpya. Katika mtandao wa diski, seva yaweza kuona hata diski zisizoihusu. Na baadhi ya mifumo endeshi ya miaka ya 1990, ilipoona diski ngeni, iliandika alama yake juu yake bila kuuliza, ikiharibu data za jirani. Ndiyo maana zilitungwa sheria mbili za kutenga: swichi ya mtandao huambiwa ni seva ipi iruhusiwe kuzungumza na kidhibiti kipi, na kidhibiti nacho huambiwa ni seva ipi ionyeshwe kipande kipi cha hifadhi. Kwa kundi, sheria hizo hugeuka: kipande kile kile hakina budi kuonyeshwa kwa wanachama wote, na kwa wanachama hao tu.

Namna ya kuishika diski nayo ilibadilika. Ushikaji wa SCSI wa zamani ulipotea njia ilipowashwa upya. Kiwango kipya kilileta ushikaji unaodumu: kila mwanachama huandikisha ufunguo wake katika diski, na wenzake wakikubaliana kwamba mmoja ametengwa, huufuta ufunguo wake. Tangu hapo diski yenyewe humkatalia kuandika, hata kama yu hai na hajui kwamba amefukuzwa. Windows Server ya mwaka 2008 iliufanya ushikaji huo kuwa sharti, ikaacha kuzikubali kebo za SCSI za zamani katika makundi yake.

Katika ulimwengu wa Linux, shauri hilo lilipewa jina kali zaidi. Kabla ya kurithi diski, waliobaki huzima kwa nguvu umeme wa mwenzao aliye kimya. Jina la utaratibu huo kwa Kiingereza lina maana ya kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Ukali huo una sababu. Kompyuta iliyosinzia kwa nusu dakika yaweza kuzinduka na kumalizia sentensi aliyoianza, bila kujua kwamba daftari limekwisha pewa mwingine. Ni salama zaidi kuhakikisha kwamba amekufa kuliko kudhani.

Ulinzi huo ulipopatikana, kuandika kwa pamoja kukawa jambo la kawaida. Mfumo wa faili GFS, uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota katikati ya miaka ya 1990 chini ya Matthew O'Keefe, uliwaruhusu wanachama wengi wa Linux kuandika katika diski moja. Kampuni iliyoukuza, Sistina, ilinunuliwa na Red Hat mwishoni mwa mwaka 2003. Microsoft, iliyokuwa imeshikilia kanuni ya bwana mmoja, ilileta mwaka 2009 hifadhi ambamo wanachama wote huandika data moja kwa moja, lakini mabadiliko ya majina na ukubwa wa faili hupitia kwa mratibu mmoja. Shule mbili zilizoshindana tangu 1976 zikakutana nusu ya njia.

Kazi ya fundi kwa hiyo ina mpangilio ulio wazi. Kwanza, kipande cha hifadhi kionyeshwe kwa wanachama wote. Pili, kila mwanachama awe na njia mbili za kukifikia, pamoja na programu inayojua kwamba njia hizo zaelekea kwenye diski moja, asije akaiona kuwa diski mbili. Tatu, mapigo ya moyo yapewe njia isiyosongwa na kazi nyingine. Nne, kura zihesabiwe na shahidi ateuliwe, hasa idadi ya wanachama inapokuwa shufwa. Tano, iwekwe namna ya kumfungia nje aliyetengwa. Hatimaye, kabla ya data za kweli kuingia, kebo ing'olewe kwa makusudi, mchana, mbele ya wote, ionekane kama sheria inatiiwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu kila kitu kinaonekana kufanya kazi.

7. Diski isiyo na mahali

Katika karne hii diski ya pamoja imeanza kutoweka kama chombo. Sage Weil na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, walieleza mwaka 2006 mfumo Ceph, ambamo kila seva hutoa diski zake za ndani, na programu huzisambaza nakala za data kati ya zote. Windows Server ya mwaka 2016 ilileta utaratibu unaofanana na huo, pamoja na uwezo wa kumweka shahidi wa akidi katika huduma ya mbali, nje ya jengo lenye kundi.

Zizi limebomolewa, lakini sheria ya mafahali imebaki. Ndani ya Ceph kuna kompyuta chache za uangalizi zinazopiga kura juu ya hali ya kundi, na hushauriwa idadi yao iwe witiri. Zinafuata utaratibu wa Paxos, uliobuniwa na Leslie Lamport alipokuwa mtafiti wa Digital. Makala yake aliyapeleka mwaka 1990, nayo yakachapishwa mwaka 1998, kwa kuwa aliyaandika kama taarifa ya mchezo kuhusu bunge la kale la kisiwa cha Ugiriki, ambalo wabunge wake huingia na kutoka wapendavyo, na bado sheria zao hazipingani. Kwa utani huo Lamport alikiri wazi lile ambalo wahandisi wengine walilitenda kimyakimya: kwamba walikuwa wakiunda katiba.

8. Maneno ya baraza

Msamiati wa somo hili wathibitisha jambo hilo. Kura, akidi, shahidi, mwanachama, mratibu, kutengwa: hakuna hata neno moja kati ya hayo lililozaliwa katika umeme. Neno quorum lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni "ambao kati yao". Liliingia katika sheria kwa njia ya hati za kuwateua mahakimu wa Uingereza, zilizotaja ni nani kati yao asikosekane ili kikao kiwe halali.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, jambo hilo lina faida ambayo haijatumiwa vya kutosha. Katika Kongo, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hujifunza fani yake kwa Kifaransa, kisha husoma vitabu vya mwongozo kwa Kiingereza; ni rahisi aamini kwamba Kiswahili hakina la kusema hapo. Ni kweli kwamba seva, diski na kebo ni maneno ya kuazima, na hakuna aibu kuyaazima, kwa kuwa vyombo vyenyewe vimetoka nje. Lakini kiini cha somo, yaani kanuni za kukubaliana, hakihitaji kuazimwa. Akidi ni neno la Kiswahili la mikutano na mabunge. Aliyewahi kuketi katika kikao kilichoahirishwa kwa kukosa akidi, huku waliohudhuria wakinung'unika kwamba wao wapo, amekwisha kuelewa kwa nini kundi la seva husimama ilhali kompyuta zake ni nzima.

Tofauti moja tu yapasa kufundishwa. Katika kikao cha watu, mwenyekiti mwenye haraka huweza kufumba macho na kuhesabu viti vitupu. Makundi ya seva nayo yana amri ya kulazimisha akidi, iliyowekwa kwa ajili ya siku za maafa. Anayeitumia bila kuhakikisha kwamba upande wa pili umezimwa kweli huwa ameiondoa kwa mkono mmoja sheria iliyotungwa kwa miaka mingi.

9. Hitimisho

Tangu swichi ya njia mbili ya IBM hadi kura za Ceph, vyombo vimebadilika mara nyingi na swali limebaki moja: nani aandike, na itajulikanaje? Jibu la kwanza lilikuwa kuifunga nyumba nzima. La pili, kufunga chumba kwa jina lake. La tatu, kuhesabu kura. La nne, kumfungia nje aliyepoteza haki. Kila jibu liliongezwa juu ya lile lililotangulia, na hakuna hata moja lililotupwa.

Methali zile mbili, basi, hazipingani. Mafahali wawili wanaweza kukaa zizi moja, ikiwa kila mmoja amekubali mapema, kabla ya ugomvi, ni lini atasimama nje na kungoja.